Mkanda wa Tatu

Mkanda wa taimingi wa Haisi ya Theodory ulikatika mara ya pili, na safari hii ulikatikia mteremkoni, gari likiwa limejaa watu ndani na mbuzi wawili juu ya keria.

Polikarp ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Walikuwa wameiacha baridi ya juu, wameanza kushuka mlima wa Lyambalyamfipa kwenda bondeni, pale ambapo barabara inajikunja na dereva mwenye akili hufunga mdomo. Injini haikukohoa wala haikutoa moshi. Ilinyamaza tu. Akakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama amekanyaga jiwe. Usukani nao ukawa mzito. Kushoto hakukuwa na kitu ila hewa, na chini kabisa mashamba ya mpunga ya watu. Kulia kulikuwa na ukuta wa mlima. Polikarp akavuta breki ya mkono, akaukumbatia usukani kwa mikono miwili na kifua, akaliegemeza gari kwenye ukuta ule. Bati likaburuzika kwenye mwamba kwa kelele ambayo hakuwahi kuisikia, mpaka likasimama.

Mama mmoja wa Kaoze, kijiji cha bondeni, alivunjika mkono. Mbuzi mmoja alining'inia kwa kamba yake akafa. Watu waliteremka, wengine wakisali Salamu Maria, wengine wakimtukana dereva na mama yake mzazi. Polikarp akaenda kwenye injini. Alifungua kava la mbele, akauvuta ule mkanda uliokatika, akakaa juu ya jiwe akiupitisha kwenye vidole, jino kwa jino, kama mwanamke anayechambua mchele.

Hapo ndipo alipoona kitu kilichomkera. Mkanda uliozeeka huchakaa kote: mgongo hupasuka, meno hulika mpaka kwenye shina. Huu mgongo wake ulikuwa mzima. Meno yalikuwa yamelika kwenye kona tu, kila jino kona zote mbili, kana kwamba panya kayang'ata kwa zamu. Kwenye shina yalikuwa mapya kabisa. Aliutazama muda mrefu. Hakuwa fundi. Alikuwa mtu aliyeacha shule darasa la tano kwenda kuswaga ng'ombe wa baba yake, na tangu hapo kila alichokijua alikijua kwa kukishika. Na vidole vyake vilimwambia kwamba mkanda ule haukufa kwa uzee.

Lakini mjini hakuna aliyetaka kusikia habari za kona za meno.

Theodory, mwenye gari, alikuwa na jibu lake tayari. Theodory alikuwa mnunuzi wa mahindi wa Laela, mtu wa tumbo na simu mbili, na juu ya hayo alikuwa kaka yake Hellena, mke wa Polikarp. Kwa hiyo alikuwa bosi na shemeji kwa wakati mmoja, na ukigombana na mmoja umegombana na wote wawili. Yeye ndiye aliyempa Polikarp usukani. Yeye ndiye aliyekuwa akimlipia Jane, binti wa Polikarp, shule ya bweni, maana Jane alikuwa na kichwa na mjomba alipenda kusikia watu wakisema mpwa wake ana kichwa. Basi Theodory alisema mkanda haukatiki mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila mkono wa mtu. Alimjua na mtu mwenyewe: tajiri mwingine wa stendi ambaye Haisi zake zilianza kukosa abiria tangu ya Theodory ianze kwenda Kaoze. Akaenda kwa mtaalamu wake huko Chala, akarudi na fundo la kitambaa cheusi, akalifunga mwenyewe chini ya usukani.

Polikarp alimwuliza kama huyo mtaalamu alifungua injini. Theodory alicheka, akamwambia shemeji, wewe endesha, mambo mengine niachie mimi.

Fundi Adolfu naye alikuwa na jibu lake. Gereji ya Adolfu ilikuwa uwanja mtupu nyuma ya stendi, wenye mti mmoja wa mkaratusi wa kufungia mnyororo na udongo uliokwisha kuwa mweusi kwa oili. Alikuwa fundi mzuri na rafiki wa Polikarp tangu ujana. Jumapili baada ya misa walikaa kwenye chungu kimoja cha pombe ya kimpumu, kila mtu na mrija wake. Adolfu alisema mikanda ya siku hizi ni mpira mbovu, basi. Alizinyoosha valvu zilizopinda, zile zilizoshindikana akazibadilisha, akafunga kichwa cha injini upya. Kisha akafanya kama mafundi wote wa Sumbawanga wanavyofanya spea isipopatikana mjini: alipiga simu Mbeya na kuutuma ule mkanda uliokatika kwa basi la alfajiri, kama sampuli. Huko mwenye duka huulaza wa zamani mezani, hulaza mpya juu yake, vikilingana urefu, upana na meno, hufunga vyote viwili kwenye bahasha na kuvirudisha kwa basi la jioni. Ndivyo inavyofanyika. Watu wamefunga hivyo rejeta, bearing, mpaka vioo vya taa, na magari yanatembea. Mkanda wa pili ulikuja hivyohivyo, kwa sampuli ya ule wa kwanza.

Wa tatu ulifika siku ya Jumatano, mvua ikiwa imepumzika na ukungu umekaa chini, na abiria walikuwa wameshakaa uwanjani kwa Adolfu wakingoja.

Walikuja pale gereji kwa sababu Haisi ya asubuhi ilikwisha ondoka ikiwa imejaa, na ya Theodory ndiyo pekee iliyobaki ya kwenda Kaoze siku hiyo. Theodory mwenyewe ndiye aliyewaambia waje, kwamba gari linafungwa kitu kidogo tu na kuondoka. Alikuwapo Asnath, mfanyabiashara wa bondeni, mwanamke wa maneno, amekalia katoni yake ya sabuni za miche kama malkia. Walikuwapo vijana wa kulima mpunga, akina mama na watoto migongoni. Na alikuwapo Mzee Mathias, amevaa koti zito lililomzidi, ameshika kofia mkononi. Dada yake alikuwa amefariki Kaoze. Alikuwa azikwe siku hiyo saa kumi. Alikuwa amebaki yeye na dada huyo tu kwenye tumbo lao.

Polikarp alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akamwuliza wataondoka saa ngapi. Polikarp akasema fundi akimaliza.

Adolfu alifungua bahasha mbele ya watu wote. Alipenda kutazamwa akifanya kazi. Akaulaza mkanda wa zamani juu ya boneti ya gari bovu lililokuwa pale, akaunganisha ncha zake, akaulaza mpya juu yake. Jino lilikaa juu ya jino. Upana uleule. Hata unywele haukupita katikati. Vijana wakasema safi. Theodory akapiga makofi mara moja, akasema haya, funga twende.

Polikarp akasema, "Ngoja kwanza."

Akauchukua ule wa zamani. Akamwonyesha Adolfu zile kona zilizolika, akamweleza alichokiona siku ile juu ya jiwe, na kwamba wa kwanza nao ulikuwa hivyohivyo, aliukuta bado umetupwa kwenye pipa la gereji. Adolfu alitazama nusunusu, akasema kona ndizo zinazoanza kulika sikuzote. Polikarp akasema hapana, lori alilokuwa akiendesha zamani walibadilisha mkanda mara mbili na hakuwahi kuona kona peke yake. Theodory akaangalia simu yake moja, kisha ya pili.

"Fundi," Polikarp akasema, "huu mpya umejuaje kuwa ndio wenyewe?"

"Si umeona mwenyewe? Umelingana na wa zamani."

"Na wa zamani nani alisema ndio wenyewe?"

Adolfu akautazama mkanda mpya upya. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Wa zamani umekatika," Polikarp akaendelea. "Na wa kabla yake umekatika. Unachukua kitu kilichotaka kuniua, unakituma Mbeya, unasema nileteeni kingine kama hiki. Wamekuletea. Hawajakosea wao."

Asnath akacheka kwa sauti pale juu ya katoni yake, akasema dereva kaongea. Vijana nao wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu, maana Adolfu angeweza kukubali kuulizwa na rafiki, lakini si kuchekwa na abiria katika uwanja wake. Akamwambia Polikarp kwamba yeye amefungua injini tangu Polikarp ananuka mavi ya ng'ombe. Polikarp akajibu kwamba ni kweli, na mavi ya ng'ombe hayajawahi kumvunja mtu mkono.

Ikabidi Theodory aingilie. Wa kwanza kabisa alikuwa ameununua yeye mwenyewe, alisema, siku aliponunua gari. Aliingia dukani akasema nipe mkanda wa Haisi, akapewa mkanda wa Haisi. Haisi ni Haisi. Kisha akalainisha sauti, kama anavyofanya anapotaka mkulima ashushe bei ya gunia.

"Shemeji, umepata mshtuko, nakuelewa. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Huu si ung'ongo," Polikarp akasema. "Ni nyoka yuleyule, wa tatu."

Theodory aliacha kulainisha. Alisema gari lina njaa ya wiki nzima, stendi wamekwisha anza kuitoa zamu yake, Krismasi iko mlangoni na watu wa bondeni ndio huu wakati wao wa kupanda na kushuka. Mkanda unakaa, unakazika, unazunguka. Injini itawaka. Anataka nini zaidi?

Polikarp alitaka kuona jino likiingia kwenye nyumba yake. Ndivyo alivyosema. Mkanda una meno, na magurudumu ya injini yana mashimo ya meno hayo. Alitaka kuona kama jino linajaza shimo au limekaa juujuu kama mgeni asiyekaribishwa. Adolfu akasema haliwezi kuonekana, maana mkanda ukishavikwa unafunika, na lile gurudumu la chini lina sahani pembeni. Alisema hivyo kwa furaha kidogo.

Polikarp akasimama akitazama gurudumu la juu, lililokuwa wazi kwa kuwa kava halijarudishwa. Akapitisha kidole gumba kwenye shimo moja. Akapitisha kwenye jingine. Kisha akageuka.

"Dada Asnath, naomba mche mmoja wa sabuni."

"Unataka kuoga sasa hivi?"

"Nataka kuiogesha hii injini."

Asnath alimwambia biashara haijafunguliwa na mkosi wa asubuhi humfuata mtu mpaka jioni, lakini mkono wake ulikwisha ingia kwenye katoni, maana naye alitaka kuona. Alimpa mche, akamwambia atamdai mpaka mbinguni. Polikarp akachukua kisu cha gereji, akakata kipande kama kiganja, akamwomba mama mmoja maji ya moto kwenye chupa ya chai ya mtoto wake, akakilowesha na kukikanda mpaka kikawa laini kama donge la ugali. Alifuta oili kwenye gurudumu kwa shati lake, si kwa kitambaa cha Adolfu. Akakandamiza ile sabuni kwenye mashimo kwa kiganja chote, akahesabu pumzi zake kidogo, akaibandua polepole.

Watu wote walisimama. Hata Mzee Mathias alisogea.

Sabuni ilikuwa imeota meno. Meno manne, meupe, safi. Na kila jino lilikuwa na kichwa cha duara, kama ncha ya kidole cha mtoto. Polikarp akaushika mkanda mpya kando yake. Jino la mkanda lilikuwa na kona mbili kali, kama tofali. Alizunguka navyo kwa kila mtu, kama sinia ya sadaka, akianza na akina mama. Kila mtu aligusa jino la sabuni, akagusa jino la mpira. Mtoto mmoja alitaka kulamba.

Wa mwisho alikuwa Adolfu. Adolfu alishika vyote viwili muda mrefu kuliko mtu yeyote, akavigeuza, akavipeleka kwenye mwanga. Uso wake ulishuka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ipo mikanda ya meno ya duara, anaijua, ya injini nyingine za Haisi zilizokuja baadaye. Urefu unakaribiana, kikaza mkanda kinameza tofauti, ndiyo maana unakubali kufungwa. Unakubali, unazunguka, na kila mzunguko unajing'ata kona.

Hapo ingepaswa kuwa mwisho wa maneno. Polikarp alidhani ni mwisho. Lakini mtu anayekosea mbele ya watu ana njia mbili, kurudi nyuma au kusukuma mbele, na Theodory alichagua ile ya pili.

Theodory alisema sawa. Amekubali. Mkanda si wenyewe. Kesho asubuhi anaagiza wa duara, hata kwa bei gani. Lakini leo? Wa kwanza ulidumu tangu mahindi yalipokuwa mabichi mpaka yalipovunwa. Wa pili ulidumu tangu mavuno mpaka mvua zilipoanza. Huu ni mpya, una siku moja tu ya kazi, kushuka Kaoze na kupanda kesho. Hautakatika kwa siku moja. Akageuka kwa Adolfu, akamwuliza kama fundi: utakatika kwa siku moja?

Adolfu alitazama chini. Akasema kwa siku moja, sidhani.

"Hudhani," Polikarp akasema.

"Funga," Theodory akamwambia Adolfu.

Kisha likaja lililokuwa zito kuliko Theodory. Mzee Mathias alisogea mbele, kofia bado iko mkononi. Hakumgombeza mtu. Alisema yeye hajui habari za mikanda. Anachojua ni kwamba dada yake amelala kwenye mkeka na kwamba jua halimsubiri mtu. Kama ni kufa, yeye ana miaka yake ameshaila. Atakaa mbele, karibu na dereva, ili kama ni kufa afe wa kwanza.

"Mwanangu," akasema, "nipeleke nikamtupie dada yangu udongo."

Polikarp alimwambia angempeleka kwa mgongo kama mgongo ungefika. Alimwambia atamtafutia pikipiki na kumlipia. Mzee akainua mguu wake wa kulia kidogo, ule usiokunjika, akaushusha. Kwa mteremko ule na tope lile, pikipiki ilikuwa kumzika mwingine.

Abiria wakagawanyika. Vijana walisema twende, Mungu yupo. Mama wa chupa ya chai alisema yeye na mwanawe hawaendi, akaanza kushusha mizigo yake. Asnath alisema hapandi hata akipewa gari lenyewe, lakini mwingine akamwambia wewe sabuni hazizikwi, mzee ana maiti. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba dereva ni mwoga tu tangu siku ile. Polikarp alimtazama, akamwuliza kama yeye ndiye aliyekuwa amekumbatia usukani siku ile au alikuwa amekumbatia kiti cha mbele.

Adolfu alikuwa amekwisha chukua spana. Aliinama kwenye injini bila kumtazama mtu. Theodory akatoa mkono.

"Shemeji, kama huwezi, nipe funguo. Yupo Christopha pale stendi, hana kazi leo. Ataendesha."

Hiyo ndiyo iliyomfungua Polikarp macho. Alikuwa amefikiri kwamba akikataa yeye, gari halitakwenda. Sasa aliona kwamba kukataa kwake kulikuwa kunamwokoa yeye peke yake. Gari lingejaa, Christopha angeimba njia nzima kama kawaida yake, na pale barabara inapojikunja Polikarp angekuwa nyumbani kwake Sumbawanga anakunywa uji.

Akazitoa funguo mfukoni, akazitia mkononi mwa Theodory bila ubishi. Theodory akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kisha Polikarp akaenda kwenye boneti ya lile gari bovu, ulipolala mkanda mpya, kwa kuwa Adolfu alikuwa bado anaandaa kikaza mkanda. Kisu cha kukatia sabuni kilikuwa bado kiko pale. Akaukunja mkanda, akapitisha kisu kwenye mkunjo, akavuta. Mpira mpya si mlaini. Ilimbidi avute mara ya pili na ya tatu, meno yake yakiwa yameumana. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kwa muda ule hakuna aliyeamini anachokiona. Akaukata tena ili usiungike. Akavipanga vipande vitatu kwenye boneti, kando ya sabuni.

"Sasa hauendi," akasema. "Si na mimi wala na Christopha."

Theodory alikuja juu yake na ngumi. Adolfu akawahi kusimama katikati, spana mkononi, na haikujulikana anamzuia nani. Theodory alipiga kelele kwamba ule ni mali yake, kwamba Polikarp amekula kwake, amevaa kwake, mtoto wake anasomeshwa na nani? Alisema yote mbele ya watu, mpaka yale ambayo ndugu hawasemi. Polikarp alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba mkanda atalipa, na kwamba kama Theodory anataka kumpiga ampige, lakini akimaliza kumpiga mkanda utakuwa bado umekatika.

Mzee Mathias akageuka. Alivaa kofia yake, akaanza kutembea kwa ule mguu wake kuelekea barabarani. Polikarp alimfuata, akambebea mfuko. Walisimama pale na mvua ikaanza tena. Magari yalipita machache, yote ya kwenda kwingine. Baada ya muda mrefu fuso lililokuwa linashuka kufuata mpunga lilikubali kumchukua, akapandishwa mbele na Polikarp kwa kumnyanyua kama mtoto. Mzee hakuaga. Polikarp alimlipa dereva wa fuso, akagonga mlango mara mbili kumwambia aende.

Jioni Hellena alikuwa na habari zote kabla mumewe hajafika mlangoni. Kaka yake alikuwa amepiga simu. Alimwekea chakula, akakaa mbali naye, akamwuliza swali moja tu: hakukuwa na njia nyingine? Polikarp alisema labda ilikuwapo, kwa mtu mwenye maneno mazuri. Yeye hakuiona. Hellena akasema angalau angemwomba radhi kaka, kwa ajili ya Jane. Polikarp akaosha mikono, akasema atamwomba radhi kwa mkanda, kwa kuwa ulikuwa wake, na siku mtu wa Kaoze atakapomlalamikia kwamba alifika nyumbani akiwa mzima, atamwomba radhi na kwa hilo pia.

Alikwenda kweli, Jumapili, akasema hivyohivyo. Theodory alimfungia mlango.

Mkanda wa meno ya duara ulifika kwa basi. Safari hii Adolfu hakutuma sampuli. Alituma namba iliyogongwa kwenye injini, pamoja na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye nailoni. Haisi ya Kaoze inashuka na kupanda mpaka leo, Christopha akiimba, fundo jeusi likiwa bado chini ya usukani, na Theodory huwaambia watu kwamba mtaalamu wa Chala ni kiboko.

Polikarp alilipa hivi. Kiti cha dereva, baada ya miaka tisa ya usukani, tangu lori la zamani mpaka Haisi. Bei ya mkanda mmoja, na nauli ya fuso, na mche wa sabuni, maana Asnath alidai kweli. Jumapili za kimpumu na Adolfu, ambaye sasa humpungia mkono kwa mbali na kupita njia nyingine. Shule ya bweni ya Jane. Alibaki nyumbani muhula ulipofunguliwa, anasoma ya kata, anatembea asubuhi na jioni, na kwa baba yake anajibu anapoulizwa tu. Mgongo wake mwenyewe, kwa kuwa siku hizi yuko shambani kwa mkewe anainua matuta ya ntumba kwa jembe, majani chini na udongo juu, kama alivyofanya baba yake. Na Mzee Mathias, ambaye fuso lilimfikisha Kaoze jua likiwa limekwisha zama, akakuta kaburi limefunikwa na watu wamekwisha nawa mikono.

Hakuna aliyekufa.